Mwiteni Padre Mgonjwa Angali Anasema

Tumsifu Yesu Kristo! Niliombwa nizungumzie sakramenti zote saba. Naanza na Mpako wa Wagonjwa, yaani padre kumwombea mgonjwa na kumpaka mafuta, na muda ukiishia hapo, basi.

Jambo hili nalisema kila mwaka, na bado simu zinaingia saa nane za usiku: "Padre, njoo haraka, bibi anakata roho." Ukifika, bibi macho yamegeuka, hasikii, hawezi kuungama wala kupokea Komunyo. Ukiuliza alianza kuumwa lini, unaambiwa tangu Pasaka. Na huo ni mwezi wa nane! Majirani wamekuja, wanajumuiya wamekuja na uji, shangazi amesafiri kutoka mbali. Padre peke yake ndiye hakuambiwa.

Najua mtakalonijibu: "Mgonjwa akiona mafuta ataogopa, atajua anakufa." Nani kawaambia? Someni Yakobo sura ya 5: mtu akiwa hawezi, na awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Anayeita ni mgonjwa mwenyewe! Aliyepoteza fahamu ataitaje? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, ulilisema wazi mwaka 1963, kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho tu. Mwaka 1972 Papa Paulo VI akaweka utaratibu tunaoutumia: mgonjwa anapakwa kwenye paji la uso na mikononi, na padre anamwomba Bwana amwokoe na kumwinua. Kumwinua, ndugu zangu!

Yupo mama niliyempaka kabla ya upasuaji mkubwa. Aliungama bila haraka, akapokea Komunyo, kisha akaomba aitiwe mwanawe waliyekuwa hawasemeshani. Walishikana mikono ile mafuta hayajakauka. Mnataka kumnyima mama yenu nafasi kama hiyo kwa sababu mnaogopa kunipigia simu?

Mengine nayapitia mbio. Mzee aliyedhoofika kwa umri anaweza kupakwa, hata kama hana ugonjwa mkubwa. Aliyepona akaugua tena, anapakwa tena. Anayepaka ni askofu au padre; shemasi hapana, katekista hapana. Maiti haipakwi, tunamwombea marehemu; ila kukiwa na shaka kama bado yu hai, padre atampaka.

Mkishaniita, andaeni meza yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Zimeni televisheni. Tupisheni kidogo mgonjwa aungame, halafu rudini ndani nyote tusali naye. Ubatizo na Kipaimara tutaendelea Jumapili ijayo.