Kichwa Kisichopoa na Sindano za Kichina

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini)

Asalaam aleikum, mama zangu, wazee wangu, ndugu zangu wa Shangani na mliotoka Mikindani. Tuzungumzie sindano za Kichina, wenyewe huita akupancha, kwa kichwa sugu, yaani kinachouma siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi 3. Kile cha jua la kuokota korosho, ukinywa maji kikatulia, hicho tukiache.

Sindano yenyewe ni hii. Nyembamba kama unywele mnene, haina tundu, haina dawa. Mtaalamu huchomeka mbili kisogoni, kwenye vibonde viwili chini ya fuvu, na nyingine kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Unalala nazo kama nusu saa. Wengi husikia uzito na ganzi. Mishipa ya fahamu ya shingoni na ya usoni hukutana sehemu moja juu ya uti wa mgongo, ndiyo maana kisogo kikiguswa paji nalo linaweza kutulia.

Inasaidia? Mwaka 2016 watafiti wa Cochrane, kundi la kimataifa linalojumlisha tafiti za tiba, walikusanya majaribio 22 ya kipandauso cha vipindi, kisichofikia usugu ule, wagonjwa 4,985. Kati ya kila 100 waliochomwa, 41 siku zao za kuumwa zilipungua kwa nusu au zaidi, wasiochomwa, 17. Ila sikilizeni na hili: walipolinganishwa na waliochomwa sindano za uongo, waliopata nafuu hiyo walikuwa 50 katika kila 100 kwa sindano za kweli, na 41 kwa za uongo. Tofauti ipo, lakini ndogo. Basi mtu akikwambia yeye peke yake ndiye anayeijua nukta ya kichwa chako, na bei yake ni ya siri hiyo, muage. Vinginevyo, mwenye uwezo ajaribu. Uingereza, mwongozo wa tiba wa mwaka 2012 unaruhusu hadi vikao 10 ndani ya wiki 5 hadi 8 kwa kichwa sugu cha kubana.

Mama pale nyuma ameuliza kama hizi ni chale. Hapana mama, chale hukata ngozi na kupakwa dawa. Linalofanana ni hatari ya kuchangia chombo. Pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, sindano itumike mara moja, itupwe.

Linaloniuma mimi ni vidonge. Panadol siku 15 kwa mwezi, au dawa kali za mchanganyiko siku 10, ukifululiza miezi 3, zenyewe huleta kichwa. Na hapa kwetu mtu anaamka, viwili, jioni, viwili, anasema malaria, hajapima. Huyo akichomwa huku anaendelea kumeza, sindano italaumiwa bure. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama siku ya kichwa, alama nyingine siku ya kidonge, mwezi mzima, umpelekee daktari. Apime na presha.

Lakini kichwa kilichokupiga ghafla, kikali kuliko vyote, au chenye homa na shingo kukakamaa, au mkono umelegea, au mjamzito anayeona vimulimuli, msisubiri kuche wala msitafute sindano. Mpelekeni hospitali ya Ligula usiku huohuo.