Miezi Mitatu Kabla ya Kadi ya Kliniki

Mabibi na mabwana, wachumba na nyinyi mliofunga ndoa karibuni, asanteni kwa kunikaribisha. Mada niliyopewa ni vyakula na mienendo inayosaidia mimba kushika na kukaa salama, na naona wengi mmeshika kalamu mkisubiri orodha ya vyakula. Naomba radhi, nitaanza na kalenda.

Tuchukue mwanamke aliyeona siku zake tarehe 1 Juni, na mzunguko wake ni wa siku 28. Yai linatoka tarehe 14 au 15, na mimba ikitungwa, inatungwa hapo. Tarehe 29 anasubiri siku zake, hazioni, anadhani ni uchovu au safari. Ikifika tarehe 13 Julai, ule mrija ambao baadaye utakuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto umekwisha kujifunga, au umeshindwa kujifunga, na mama mwenyewe bado anahesabu siku kwa vidole. Kliniki anakwenda Septemba, anapewa kadi na vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi ndani yake, yaani vitamini ya jamii ya B inayosaidia mrija ule kujifunga. Vidonge hivyo vitamfaa sana kwa damu yake, lakini kwa mgongo wa mtoto vimechelewa miezi miwili.

Hiyo ndiyo sababu ninasisitiza kabla. Si kila mtoto anayezaliwa na mgongo wazi amekosa foliki asidi, maana zipo sababu nyingine, za kurithi na za maradhi. Hata hivyo, mwaka 1991 utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza ulionyesha kwamba wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo, walipomeza foliki asidi tangu kabla ya kushika mimba tena, hatari ya kurudiwa ilipungua kwa asilimia 72. Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kifafa, aonane na daktari kwanza, kwa sababu huenda akahitaji kiwango kikubwa zaidi. Na dawa za kifafa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Sasa tuingie jikoni. Virutubishi vya jamii ya foliki asidi tunavyo tele: maharage, kunde, choroko, dengu, karanga, parachichi, machungwa na mboga za majani. Tatizo liko kwenye sufuria. Tunachukua fungu la mchicha, tunalikatakata, ndipo tunaliosha. Kisha tunalichemsha hadi linyong'onyee, maji ya kijani tunayamwaga kwenye karo, na tunachobaki nacho tunakikaanga tena kwa mafuta. Kirutubishi hiki huyeyuka katika maji na huharibika kwa moto mrefu, kwa hiyo sehemu kubwa ya tulichokifuata sokoni imekwenda na yale maji. Osheni mboga kabla ya kukata, pikeni kwa maji machache na kwa muda mfupi, na mchuzi wake msiumwage. Chai ya rangi nayo isisindikize ugali na mboga, kwani huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Badala yake kamulieni ndimu.

Tanzania ina kanuni tangu 2011 zinazowataka wenye viwanda kuongeza foliki asidi na madini ya chuma katika unga wa ngano na wa mahindi. Lakini wengi wetu tunapeleka mahindi kwenye mashine ya mtaani, na nyingi kati ya hizo hazina kifaa cha kuongezea virutubishi. Anayekula unga wa namna hiyo asidhani ugali wake umebeba kinga.

Kuhusu uzito nitasema kwa ufupi. Mwili uliokonda mno huweza kusitisha kupevusha mayai, na ulionenepa mno huvuruga homoni. Mwanamke wa kilo 90 ambaye siku zake hazina mpangilio, akipunguza kilo tano hadi tisa, huenda mayai yakaanza kutoka tena bila dawa nyingine yoyote.

Akina baba watarajiwa, naona mmekaa nyuma mkidhani mazungumzo haya si yenu. Mbegu ya kiume huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo mbegu mtakayoitoa leo inabeba sigara, pombe na shisha za tangu msimu uliopita. Korodani zimening'inizwa nje ya mwili kwa makusudi, ili zipate ubaridi, na hazipendi joto la tanuri la mikate wala la kiti cha lori kilichokaa juu ya injini kutwa nzima. Linalonisikitisha zaidi ni sindano za homoni ya kiume za kujenga misuli zinazouzwa kwenye baadhi ya kumbi za mazoezi. Homoni hiyo ya kiume ikiingia kutoka nje, ubongo unaona ipo ya kutosha na unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Kijana anatunisha kifua, na mbegu zinaweza kuisha kabisa.

Niseme pia lisilowezekana. Mabango yanatangaza juisi na unga wa kuzibua mirija ya uzazi na kusafisha kizazi. Mirija iliyoziba kwa sababu ya kisonono au klamidia iliyoachwa bila tiba haizibuliwi na juisi yoyote, hata iwe ya tunda gani, na kila mwezi unaopotea kwa muuzaji huyo unakula umri wa mayai.

Kama mmekutana kila baada ya siku mbili au tatu kwa mwaka mzima bila mafanikio, nendeni hospitali. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi sita. Nendeni wote wawili, na kipimo cha mume kifanyike mapema, kwa kuwa ni rahisi na hakina maumivu: anajizuia siku mbili hadi saba, anatoa mbegu katika kichupa safi, na kama ametolea nyumbani anakifikisha maabara ndani ya saa moja, kikiwa ndani ya shati, karibu na ngozi, kisipoe njiani.