Chanjo Ni Bure, Siku ya Kuifuata Si Bure

BARAKA: Karibu tena, msikilizaji. Niko na dada Zuhura, na leo tunazungumzia watoto wanaokosa chanjo. Dada, nchi nyingi chanjo za msingi za watoto hazilipiwi. Sasa kwa nini mtoto wa maskini ndiye anayezikosa?

ZUHURA: Kwa sababu mama halipii sindano, analipia siku. Anayeishi kwa kibarua akikaa kliniki hadi adhuhuri, siku hiyo hana ujira. Bado nauli, bado mtoto mwingine wa kuachiwa jirani. Na safari si moja, kaka Baraka. Ratiba ya kawaida kwenye nchi nyingi ni Penta, yaani chanjo moja inayokinga magonjwa matano, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua mwezi wa 9, na dozi yake ya pili mwaka wa pili. Mwenye mshahara wa mwezi anaomba ruhusa tu, pesa yake iko palepale.

BARAKA: Ndiyo maana wengine wanaanza halafu wanakatikia njiani.

ZUHURA: Na wapo wasioanza kabisa. Makadirio ya WHO na UNICEF kwa mwaka 2024 ni zaidi ya watoto milioni 14 duniani wasiopata hata dozi moja ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Wengi wako kwenye kaya maskini, vijiji vya mbali, makazi duni ya mijini na sehemu zenye vita.

BARAKA: Lakini atatokea mtu aseme, nchi yetu imefika asilimia 88, tatizo liko wapi?

ZUHURA: Hiyo 88 tuifumue. Nakupa mfano wa hesabu tu. Gawa kaya mafungu matano kwa kipato. Mafungu manne yakifika 95 kila moja, na la maskini kabisa likabaki 60, wastani ni hiyo hiyo 88. Surua ili isisambae inataka watoto kama 95 kati ya 100 wawe wamepata dozi zote mbili. Sasa wale 40 wasiochanjwa wa fungu la mwisho mara nyingi wanaishi pamoja, wanacheza pamoja, wanalala wamebanana chumba kimoja. Surua ikiingia pale haina cha kuizuia, hata kama kwenye karatasi taifa zima linaonekana salama.

BARAKA: Na ndio hao hao wenye lishe duni.

ZUHURA: Ndio hao. Surua huua zaidi watoto wenye utapiamlo na waliopungukiwa vitamini A. Hapo roho inaniuma sana.

BARAKA: Kabla hatujaanza kurekodi ulinigusia habari ya kichupa. Wasikilizaji waisikie.

ZUHURA: Chanjo ya surua huja ikiwa unga, na mara nyingi kichupa kimoja kina dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake, isipotumika ndani ya saa 6 inatupwa. Mhudumu akiona watoto wawili tu kwenye benchi, anaogopa kumwaga dozi nane, maana ataulizwa. Anamwambia mama, rudi Alhamisi, mtakuwa wengi.

BARAKA: Na huyo mama tayari amepoteza siku!

ZUHURA: Anaombwa apoteze nyingine. Baadhi hawarudi, na siwezi kuwalaumu. WHO wenyewe wanaelekeza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja.

BARAKA: Niwatetee wahudumu kidogo, dada. Dozi zile ni fedha za umma, na wao ndio wanaobanwa.

ZUHURA: Wanabanwa kweli, kwa hiyo simnyooshei kidole mhudumu, nazungumza na anayembana. Upotevu huo uwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Dozi iliyomwagwa inaandikwa kwenye daftari, mtu anaitolea maelezo. Mtoto aliyerudishwa nyumbani haandikwi popote.

BARAKA: Wapo wanaosema shida ni akina mama kutosoma.

ZUHURA: Elimu ya mama ina uzito, tafiti nyingi zinaonyesha hivyo. Lakini mama aliyefokewa mbele ya watu kwa sababu kadi imepotea amekosa heshima kwanza, elimu baadaye. Na katika nchi tajiri wapo wazazi wenye shahada wanaokataa chanjo kwa hiari yao. Huyu wa kwetu leo anaitaka, anashindwa kuifikia.

BARAKA: Ukikabidhiwa kliniki Jumatatu, unaanza na nini?

ZUHURA: Daftari la waliorudishwa: jina, wanakoishi, sababu. Nikiona wengi wanatoka eneo moja, napeleka chanjo huko huko, jioni au mwisho wa wiki, wazazi wakiwa wametoka kazini.