Ng'ombe akichechemea, muinue mguu kabla ya sindano

Asalaam aleikum, ndugu zangu wafugaji. Tupo Konde, Pemba, masika yamekolea, na huyu mnayemuona ni ng'ombe wa maziwa aliyeanza kuchechemea tangu juzi. Wengi wetu hapa hukimbilia duka la dawa za mifugo. Leo nawaomba tumtazame kwanza.

Mtembeze mahali pakavu, pagumu, umrekodi kwa simu kutoka ubavuni. Angalieni mgongo. Ukiwa umenyooka akisimama na akitembea, mpe namba 1. Ukinyooka akisimama lakini ukapinda akitembea, 2. Ukipinda kotekote na hatua zikawa fupi, 3. Akiukwepa mguu waziwazi, 4. Asiyeweza kuukanyagia kabisa ni 5. Wetu ni 4, mguu wa nyuma wa kulia. Andika daftarini namba, mguu na tarehe.

Kabla ya kugusa kwato, mfungue mdomo. Mate yakimchuruzika, au ukiona malengelenge kwenye ulimi na ufizi, simama hapohapo. Huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo, nao huambukiza kwa kasi mno. Usimtoe bandani, usimuuze, mpigie daktari wa mifugo. Huyu mdomo wake safi, twende.

Kichwa kifungwe nguzoni. Kamba nene, laini, ipite juu ya goti la nyuma, kisha juu ya boriti ya banda. Ami, vuta taratibu, na hiyo ncha ishike tu, usiifunge fundo. Akiteleza lazima tumwachie mara moja.

Osha kwa maji na brashi mpaka tope liishe. Hapa usiwe na haraka. Panua baina ya kwato mbili. Kwato zikioza, mguu huvimba sawasawa pande zote mbili, ngozi ya katikati hupasuka, na harufu yake ukiinusa mara moja huisahau. Ni bakteria, huingia pale ngozi ilipolainishwa na tope au kuchanwa na jiwe. Ndiyo maana kumfunga bondeni kwenye maji siku nzima ni kumtafutia maradhi, na maweni nako kuna makali yake.

Huyu ngozi yake nzima, harufu hakuna. Basi tuje kwenye wayo. Bonyeza kwa gumba, kidogo kidogo. Mmeona alivyoshtuka? Na doa jeusi lile pale, ukwato wa nje. Kwa ng'ombe wa maziwa, ukwato wa nje wa mguu wa nyuma ndio huumia mara nyingi. Ndani yake pana usaha.

Kwato zinazooza hutibika kwa sindano ya penisilini au oksitetrasaiklini ikiwahi. Usaha uliofungiwa ndani ya ukwato hautoki kwa sindano. Nayasema haya kwa majuto: ng'ombe wangu wa kwanza nilimchoma siku tano, kumbe kipande cha jiwe kimo wayoni. Aliteseka bure, na maziwa yenye dawa tukayamwaga.

Kisu usikishike wewe. Daktari ataufanyia mguu ganzi akiona haja, atafungua usaha utoke, na ule ukwato wa ndani, usioumwa, anaweza kuugundishia kibao ili mgonjwa apumzike. Akimchoma dawa, muulize maziwa yasinywewe siku ngapi.

Wenzake bandani watie miguu kwenye mrututu, yaani kopa salfeti: nusu kilo kwa lita 10 za maji, kwenye beseni la plastiki, maana chuma huliwa. Miguu ioshwe kwanza, tope huivunja nguvu dawa. Wasiinywe, khasa kondoo, kwao ni sumu kali. Wala usiimwage karibu na kisima.

Siku ya tatu mrekodi tena, palepale, ubavu uleule, kisha weka video mbili pamoja. Namba ikiwa bado ni 4, daktari arudi siku hiyohiyo.