Moduli ya Bleidi Inapokutana na Swichi ya Hifadhi

Ndugu zangu, kuchomeka kebo ya faiba kutoka moduli ya swichi iliyo ndani ya chasi ya bleidi (kasha moja lenye seva nyembamba nyingi) hadi swichi ya nje ya mtandao wa hifadhi, unaounganisha seva na diski zake, ni kazi ya dakika mbili. Kazi yenyewe ni kuamua moduli hiyo iingie mtandaoni kama nani.

Ikiingia kama swichi kamili, inahitaji namba yake ya domeni, yaani namba inayoitambulisha swichi hiyo mtandaoni. Anwani ya Fibre Channel, itifaki ya mtandao huu wa hifadhi, ina biti 24, na 8 za mwanzo ni za domeni. Zinazotumika ni 1 hadi 239. Mtasema ni nyingi. Kweli, lakini swichi mbili zilizoachwa kama zilivyotoka kiwandani zinaweza zote kuwa namba 1. Namba hizo zikiwa zimefungwa zisibadilike, mwanga utapita kwenye kebo ila fabriki, yaani mitandao ya swichi zilizoungana, zitabaki mbili. Hali ni hiyohiyo kanda mbili (kanda ni orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuonana) zikiwa na jina moja na wanachama tofauti, au muda wa R_A_TOV, kikomo cha kusubiri mtandaoni ambacho swichi zote hutumia, ambao kwa kawaida ni sekunde 10, usipolingana.

Mimi hata hivyo naogopa zaidi muungano unaofaulu. Moduli iliyotumika kwingine huja na kanda zake za zamani. Ikiunganishwa na fabriki isiyo na kanda zinazofanya kazi, kanda hizo zinatawala kote, na seva zisizotajwa humo hazioni tena diski zake. Futeni kanda za moduli kwanza, ndipo mshike kebo.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ningeichagua kwa chasi nyingi, ni kuifanya moduli lango tu. Haichukui domeni wala haitunzi kanda. Seva zinajisajili kwenye swichi ya nje kwa NPIV (mbinu ya kuruhusu seva nyingi kujisajili kupitia poti moja), kila moja kwa WWN yake, yaani namba yake ya kipekee, hata zikipitia poti moja. Inapunguza pia ugomvi wa vifaa vya makampuni tofauti. Lakini kugeuza hali hiyo kwa kawaida hufuta usanidi na kuiwasha moduli upya, kwa hiyo seva zisiwe kazini.

Moduli ya kwanza iende fabriki A, ya pili fabriki B iliyotengwa nayo, zisivuke kamwe. Kisha fungueni orodha ya usajili kwenye swichi ya nje. WWN za seva zisipoonekana, kagueni kwanza kama NPIV imewashwa upande huo.