Bustani ya Malindi hupangwa kuanzia Februari

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa Malindi, kuanzia Shella mpaka Muyeye, na nyinyi wa ng'ambo ya Sabaki. Hapa ni Leicester, mwisho wa Septemba, na hiki nyuma yangu ni kiwanja ninachokodi kwa halmashauri. Uingereza ina sheria ya tangu 1908 inayozitaka halmashauri ziwakodishe raia mahali pa kulima mboga. Kiwanja kamili ni kama mita za mraba 250, lakini wengi hukatiwa nusu. Hata mimi hii ni nusu, msidhani nimekuwa bwana shamba.

Kila nikionyesha bustani hii, mamangu mdogo hunipigia simu: "Mwanangu, nyinyi huko hamna jua, sisi tunalo la kugawa. Mbona mboga mnazo nyinyi?" Leo namjibu yeye, nanyi kaeni mkao wa kusikiliza.

Mzee mmoja Mwingereza, jirani yangu hapo mkono wa kushoto, ana karatasi ameibandika kwa pini ndani ya kibanda chake cha majembe. Ukiisoma utashangaa. Haanzi na mwezi wa kupanda, anaanza na mwezi asiokuwa na kitu cha kula. Kwake ni Aprili: mboga za majira ya baridi zinakwisha, na mpya bado ni miche. Kwa hiyo liki, mboga ya jamii ya vitunguu, atakazochuma Aprili huzisia mwaka mzima kabla. Anashika mwezi mtupu, anahesabu kurudi nyuma.

Sasa Malindi mwezi mtupu ni upi? Muulize yeyote anayekwenda sokoni wakati wa kaskazi. Januari na Februari mvua ni kama haipo, Machi inachungulia na kurudi. Mei peke yake humwaga maji mengi kuliko Desemba, Januari, Februari na Machi ukizijumlisha. Na sisi twafanyaje? Twangoja masika, mtaa mzima wamwaga mbegu wiki moja, Juni mchicha uko kila ua mpaka mbuzi wauchoka. Ikifika Februari twanunua kifungu cha majani yaliyolala, na tungule, yaani nyanya, zilizotoka Taveta au Loitokitok kwa bei anayoitaka aliyezileta.

Na Februari hii inayokuja si ya mchezo. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuingia wiki ya pili ya mwezi huo, mwezi ukiandama. Mwaka wa Kiislamu hupungukiwa siku kama 11, kwa hiyo ya 2028 itatupata mwisho wa Januari. Yaani tutafunga ndani ya kaskazi kavu, na kila nyumba itataka dania, pilipili na tungule kwa saa moja.

Haya, chukua ile kalenda ya dukani iliyoko ukutani. Weka kidole kwenye Februari 8, rudi nyuma nami.

Biringani yataka miezi minne hivi, tangu mbegu mpaka kuchuma. Rudi minne: umefika Oktoba. Kitalu cha miche kiwe tayari wiki hii inayoingia, usingoje. Katikati ya Novemba, vuli ikiwa bado yanyesha, wahamisha miche, mvua inakusaidia kushikisha mizizi, halafu kaskazi ikija mti umeshajitegemea. Pilipili vivyo hivyo, na hiyo ukiitunza yakaa zaidi ya mwaka, huisii tena kila msimu.

Mabenda yapenda joto, nayo ni kama siku 55. Sia katikati ya Desemba. Yakianza kuzaa chuma kila baada ya siku moja, maana ukiyaacha yawa magumu kama kuni na mti waona kazi yake imekwisha, unaacha kuzaa.

Mchicha ni wiki tatu au nne tu. Hapa ndipo watu hujimaliza, wamwaga pakiti nzima siku moja. Sia mstari mmoja mwanzo wa Januari, baada ya wiki mbili mwingine, hivyo hivyo. Kunde nazo chuma majani machanga kwanza, yakikomaa ziache zizae. Dania huchukua wiki tano au sita, na joto lairukisha upesi kwenye maua, basi itie kivulini chini ya makuti.

Tungule nisiwadanganye. Usiku wa Februari ni wa moto, na usiku ukiwa wa moto maua ya tungule hupukutika. Msimu wake hasa ni kusi: hamisha miche Juni au Julai, mvua kubwa ikishapungua, ule Agosti mpaka Oktoba. Kwa Ramadhani panda zile ndogo ndogo, zastahimili zaidi, na bado usitegemee karai.

Lakini yote haya hayana maana bila maji, na maji yana hesabu yake, nayo ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kitanda cha mboga wakati wa kaskazi hunywa lita tano au sita kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kitanda cha mita moja kwa sita, basi, ni mitungi miwili ya lita 20, ukipunguza sana mmoja na nusu. Sasa jiulize: nyumbani kwako, mfereji ukikatika, ni mitungi mingapi uko tayari kuitoa kwa mboga? Ikiwa ni minne, lima vitanda viwili tu, hata kama ua ni mkubwa kama uwanja wa mpira. Vingine vifunike majani vipumzike mpaka masika. Bustani ya mwaka mzima hupungua na kutanuka. Mtu akilima eneo moja Mei na Februari, Februari hukausha kila kitu, hata kile ambacho kingepona.

Paa la mabati la mita za mraba 40 likipigwa na mvua ya milimita 20 latoa karibu lita 800. Vuli yakaribia, tia mfereji wa paa na pipa. Halafu kuna maji ya udhu. Hayana sabuni, na kila siku yaenda bure mara tano. Yaelekezeni kwenye matembele. Matembele yakipata unyevu hayajui kaskazi wala kusi.

Wenye visima vya maji ya chumvi, angalieni: maharagwe, karoti na vitunguu havitaki kabisa. Spinachi yavumilia. Mwagia chini, usirashe majani, na mara moja moja lowesha sana ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Jambo jingine, na hili laniudhi kidogo. Mwaona kwenye video za huku watu wamejenga masanduku ya mbao, wamejaza udongo, mboga ziko juu juu. Mwaiga. Huku wanainua kitanda kwa sababu udongo ni wa baridi na mvua yatuama. Mchanga wetu ukiuinua wakauka kabla ya adhuhuri! Wewe chimba jaruba, kitanda kiwe chini kidogo kuliko njia, maji yakusanyike. Chini kabisa laza makumbi ya nazi yaliyoloweshwa usiku kucha, juu yake samadi iliyooza vizuri, ndipo urudishe mchanga. Makumbi hushika maji kiasi cha kukushangaza, na bure yapo, twayachoma tu.

Na msirudishe biringani palipotoka tungule au pilipili, hao wote ni ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja. Watanguliwe na kunde.

Mama mdogo, simu yako nimeijibu. Yale makumbi yaliyo nyuma ya jiko usimpe mtu wa kuoka mikate. Jumamosi nitakupigia kwa video unionyeshe ua, tuchague mahali pa jaruba la kwanza, na kitalu cha biringani nataka kukiona kimeshamwagiwa maji. Nyinyi wengine mkianza, nipigieni picha za vitalu, si za mavuno. Mavuno tutaonana Februari, inshallah.