Kabla hujaomba nusu kaputi

Kila nikisimama kuzungumzia meno, swali ni lile lile: "Daktari, si unilaze tu kabisa?" Jino moja, mtu anataka nusu kaputi! Ukimdadisi, utakuta aliwahi kung'olewa ganzi haijashika. Na hapo ndipo ugomvi wangu na madaktari wenzangu wasiosubiri ganzi ishike ulipo.

Sikilizeni. Magego ya chini yamekaa kwenye mfupa mgumu, dawa haipenyi kirahisi kama taya la juu. Kwa hiyo tunachoma nyuma kabisa, karibu na pale mshipa wa fahamu unapoingia ndani ya taya. Dawa yenyewe mara nyingi ni lignokaini asilimia 2, imetiwa adrenalini kidogo ya kubana mishipa ya damu ili isisombwe haraka. Moyo ukienda mbio kidogo, ndiyo hiyo adrenalini, hufi. Halafu? Tunasubiri! Dakika 5, pengine 10, mpaka mdomo wa chini upande ule ufe ganzi, uuguse uhisi kana kwamba umevimba na si wako. Hata hapo koleo lisiguswe. Daktari achokoe fizi kwa ncha ya kifaa, nawe useme. Mdomo ukiwa bado hai, sindano haikufika mahali pake, irudiwe. Nani hapa aliwahi kusubiriwa hivyo? Mikono juu. Haya, mmeona wenyewe.

Kuna atakayeniambia, "Mimi ganzi hainishiki." Haikushiki, au ulikuja shavu limeshavimba? Penye usaha pana asidi, na kwenye asidi lignokaini haipenyi vizuri mshipa wa fahamu. Wiki nzima unasukutua maji ya chumvi, kisha lawama kwa sindano! Na yule anayepiga gongo asubuhi apate ujasiri, abaki nyumbani.

Tena, ganzi inaua maumivu, haiondoi msukumo. Kuvutwa utakusikia.

Nusu kaputi ina watu wake: mtoto mdogo mwenye meno mengi mabovu, taya lililovunjika, gego la mwisho lililolala ndani ya mfupa. Mrija wa pumzi tunaupitisha puani, mdomo ubaki wa kufanyia kazi. Kabla ya kulazwa, kaa muda wa saa 6 bila chakula, na chai ya maziwa ni chakula, nimechoka kulisema hili. Gesi ya kucheka, ile ya kuvuta ikutulize, leo tuiache, naona mwenyekiti anatazama saa. Ila ukidungwa midazolamu ya kukutuliza, njoo na mtu wa kukurudisha. Siku hiyo huendeshi gari, wala bodaboda. Ndiyo mama, uliza.